Jenerali akiahidi kurudi kambini

Mchana wa jua katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi. Kwenye mabenchi ambapo Bunge la Mwananchi huijadili nchi kila siku bila mshahara wala marupurupu, kijana aliyevaa fulana yenye sura ya Kapteni Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso, anamwambia mzee mmoja kwamba Afrika ingepata wanajeshi kumi kama huyu, shida zingekwisha. Mzee anakunja gazeti lake.

"Kijana wangu, hata Abdulsalami wa Nigeria alikuwa mwanajeshi. Lakini yeye aliaga ikulu kabla mwaka haujaisha."

"Abdul nani, mzee?"

Benchi zima likacheka, na mjadala ukahamia bei ya unga.

Nilitoka pale na swali la yule kijana. Tangu mwaka 2020, tumesikia habari za mapinduzi Mali, Chad, Guinea, Burkina Faso, Niger na Gabon, na kila mara tangazo ni lile lile: tumechukua nchi kwa muda, tutairudisha kwa raia. Wasikilizaji wa huku Nairobi wamegawanyika. Kuna wanaoamini kila neno, na kuna wanaosema mwanajeshi akishika hashikuki. Pande zote mbili zinachanganya mambo ambayo yangefaa kutenganishwa.

Tuanze na maneno. Mapinduzi ya kijeshi ni wanajeshi kuiondoa serikali kwa nguvu, au kwa kitisho cha nguvu. Utawala wa kijeshi ndio unaofuata: katiba husimamishwa yote au kwa sehemu, bunge huvunjwa, na sheria hutolewa kwa amri ya mkuu wa jeshi. Serikali ya mpito ni serikali yoyote inayosema ipo kwa muda tu ili ifanye kazi fulani kisha iondoke. Inaweza kuongozwa na jaji, na mwanasiasa au na jenerali. Kwa hiyo mtu akisema "hawa si utawala wa kijeshi, ni serikali ya mpito," hajasema kitu. Wanaweza kuwa vyote viwili kwa pamoja.

Neno linalosumbua zaidi ni utawala wa kiraia. Wengi hudhani ni suala la nguo, kwamba mtu akivua magwanda na kuvaa suti, amekuwa raia na yamekwisha. Lakini Olusegun Obasanjo alikuwa jenerali mstaafu alipochaguliwa rais wa Nigeria mwaka 1999, na Muhammadu Buhari vivyo hivyo mwaka 2015, na hakuna aliyesema jeshi limerudi. Kinachotazamwa ni madaraka yametoka wapi na yanaweza kuondolewa vipi. Rais wa kiraia hupewa kazi kwa kura, anaweza kunyang'anywa kwa kura, na wenye bunduki hupokea amri kutoka kwake.

Sasa fikiria kamati ya matanga. Kila Mkenya amewahi kukaa katika moja. Mtu anafariki, jamaa wanakutana jioni, anachaguliwa mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Kamati inashika pesa nyingi kwa siku chache na inaamua mambo mazito: jeneza gani, basi ngapi, nani atazungumza. Hakuna anayeipigia kelele, kwa sababu kila mtu anajua tarehe ya mazishi. Jeneza likishateremshwa, kamati inasoma hesabu na kuvunjika. (Kundi lake la WhatsApp huendelea kuishi miaka mitatu, ila hiyo ni hadithi nyingine.) Na mwenyekiti wa kamati ya matanga harithi shamba la marehemu. Siku atakapoanza kutembea mipakani akihesabu miembe, wenye boma watajua kwamba hakuja kuzika.

Serikali ya mpito iliyo ya kweli inafanana na kamati hiyo. Ina jambo moja la kufanya, ina tarehe, na anayeiongoza hayumo katika mgao.

Nigeria ya mwaka 1998 inafaa kutazamwa kwa karibu. Jenerali Sani Abacha alifariki ghafla tarehe 8 Juni mwaka huo. Alikuwa ameitawala nchi tangu Novemba 1993, na alikuwa anajiandaa "kuirudisha kwa raia" kwa njia ya ajabu: vyama vyote vitano vilivyoruhusiwa kisheria vilikuwa vimempitisha yeye kuwa mgombea wao wa urais. Mwanasiasa Bola Ige aliviita vidole vitano vya mkono mmoja wenye ukoma. Siku iliyofuata kifo hicho, aliapishwa mkuu wa majeshi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, mzaliwa wa Minna, ambaye wengi nje ya kambi hawakumjua sana.

Tarehe 20 Julai alitangaza ratiba. Vile vyama vitano vilivunjwa. Tume mpya ya uchaguzi ingeundwa. Madaraka yangekabidhiwa tarehe 29 Mei 1999. Wanigeria wengi walisikia na kukunja uso, na walikuwa na sababu. Jenerali Ibrahim Babangida, aliyechukua nchi mwaka 1985, aliahidi kuondoka 1990, akasogeza hadi 1992, akasogeza tena hadi 1993. Uchaguzi ulipofanyika hatimaye tarehe 12 Juni 1993 na mfanyabiashara Moshood Abiola akaonekana wazi kuwa mshindi, Babangida aliufuta matokeo yakiwa bado yanatangazwa. Abiola alijitangaza rais mwaka uliofuata, akawekwa kizuizini. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na Nigeria ilikuwa imeumwa si mara moja.

Safari hii tarehe hazikusogezwa. Na namna uchaguzi ulivyopangwa ina maana yake. Hawakuanza na urais. Walianza chini, serikali za mitaa, tarehe 5 Desemba 1998. Januari 1999 wakafuata magavana na mabunge ya majimbo. Bunge la taifa likachaguliwa tarehe 20 Februari, na rais tarehe 27 Februari. Ni kama daraja jipya kule mashambani: kwanza inapita boda boda, watu wanatazama, kisha Probox, na lori la mawe linakuja mwisho. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa pia mchujo wa vyama. Vyama 9 viliruhusiwa kwa muda kushindana katika ngazi ya mitaa, na vitatu tu vikapata usajili kamili. Kwa njia hiyo, kila aliyetaka urais ilibidi kwanza aonyeshe ana watu vijijini.

Obasanjo alishinda kwa karibu asilimia 63 dhidi ya Olu Falae. Tarehe 29 Mei 1999, Abdulsalami akamkabidhi nchi na kwenda nyumbani. Hakugombea wala hakuunda chama. Utawala wake haukutimiza mwaka.

Hapo ndipo mashabiki wake hunyamaza, na mimi nadhani hapo ndipo maelezo yanapoanza. Kwa nini jeshi liliondoka safari hii na si zile nyingine?

Dhana iliyoenea ni kwamba tulipata jenerali mwema. Huenda alikuwa mwema, sijui ya moyoni mwake, lakini wema pekee haumtoi mtu ikulu. Tazama hali aliyoikuta. Ndani ya jeshi lenyewe majenerali walikuwa wanaogopana: miezi miwili tu kabla ya kifo cha Abacha, makamu wake mwenyewe, Jenerali Oladipo Diya, alikuwa amehukumiwa kifo kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Abdulsalami ndiye aliyeipunguza hukumu hiyo. Nje, Nigeria ilikuwa imesimamishwa katika Jumuiya ya Madola tangu Novemba 1995, baada ya mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane kunyongwa. Bei ya mafuta ghafi, ambayo ndiyo mshahara wa nchi ile, ilikuwa imeporomoka. Na kusini magharibi, kwa akina Abiola, jeraha la Juni 12 lilikuwa bichi. Mwanajeshi mwenye akili akitazama hesabu hiyo anaona kwamba kubaki kuna gharama kubwa kuliko kuondoka. Majeshi mengi yaliyorudi kambini yalirudi kwa hesabu ya namna hii.

Tusimpambe mtu, kwa sababu hata mpito huo ulikuwa na madoa. Abiola hakuachiliwa. Alifia kizuizini tarehe 7 Julai 1998, mwezi mmoja baada ya Abacha, akiwa katika kikao na wajumbe wa Marekani. Madaktari walioletwa kutoka nje walisema ni ugonjwa wa moyo, lakini wapo Wanigeria wengi ambao hadi leo hawajakubali. Kifo hicho kiliondoa swali gumu kuliko yote, yaani kama nchi inarudishwa kwa raia, kwa nini isirudishwe kwa yule aliyekwisha kuchaguliwa? Si bahati kwamba wagombea wote wawili wa urais mwaka 1999 walikuwa Wayoruba kama Abiola. Wakubwa walikuwa wamekubaliana kuwafuta machozi watu wa kusini magharibi kabla raia wa kawaida hajafika kituoni.

Halafu kuna katiba. Sisi Wakenya tulipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na tarehe 27 mwezi huo katiba ikazinduliwa pale Uhuru Park. Kila mtu alikuwa na nakala, hata kama wengi waliishia kufungia njugu. Nigeria ilienda kinyume. Katiba ya 1999 ilitolewa kwa Amri Nambari 24 ya serikali ya kijeshi na kutiwa saini tarehe 5 Mei, siku 24 kabla ya makabidhiano, rais akiwa ameshachaguliwa zaidi ya miezi miwili. Waliopiga kura na waliopigiwa hawakuwa wameiona. Ni sawa na kulipa deposit, kuhamisha vitanda na sufuria, ndipo landilodi akuletee mkataba wa nyumba usaini. Na mkataba wenyewe unaanza kwa kusema "Sisi watu wa Nigeria." Wanasheria wa kule wangali wanaucheka mstari huo, kicheko cha uchungu.

Kwa hiyo ukisikia jeshi limeondoka, uliza limeacha nini nyuma. Linaweza kuacha sheria lililoziandika lenyewe. Linaweza kuacha kinga: tume ya Jaji Oputa, iliyochunguza ukiukaji wa haki za binadamu baada ya 1999, iliwaita watawala wa zamani, na Babangida, Buhari na Abdulsalami hawakufika mbele yake. Na linaweza kuacha watu wake. Obasanjo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kambi na alijua harufu yake, alishughulikia hilo upesi. Mwezi Juni 1999, wiki chache tu baada ya kuapishwa, aliwastaafisha maafisa 93 waliokuwa wamewahi kushika vyeo vya kisiasa, kama ugavana na uwaziri. Hakuwashtaki kwa kosa lolote. Mwonja asali haonji mara moja, na yeye hakutaka kungoja waione tena mizinga. Nina hakika hatua hiyo ililinda utawala wa kiraia Nigeria kuliko hotuba zote za Mei 29.

Sasa tuje kwenye dhana ya pili, ile ya kwamba uchaguzi ukifanyika basi mpito umekamilika. Chad, Mahamat Idriss Déby alishika nchi baada ya baba yake kuuawa Aprili 2021, akaahidi miezi 18. Muda uliongezwa miaka miwili. Mei 2024 uchaguzi ukafanyika na yeye mwenyewe akashinda kwa asilimia 61. Gabon, Jenerali Brice Oligui Nguema alimpindua Ali Bongo Agosti 2023, na Aprili 2025 akachaguliwa rais kwa zaidi ya asilimia 90. Guinea, kanuni za mpito za mwaka 2021 ziliwakataza viongozi wa mpito kugombea, kisha katiba mpya iliyopigiwa kura Septemba 2025 ikamfungulia Jenerali Mamadi Doumbouya mlango. Kura zilikuwepo, na karatasi na masanduku. Katika boma hizo, mwenyekiti wa kamati ya matanga ndiye aliyepewa shamba.

Umoja wa Afrika uliliona jambo hili zamani. Mkataba wa Afrika kuhusu Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Addis Ababa Januari 2007, unasema katika kifungu cha 25 kwamba waliopindua serikali hawataruhusiwa kugombea katika uchaguzi wa kuirudisha demokrasia. Sheria nzuri, na sababu yake inaeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: anayechapa mtihani asiwe pia anayeufanya. Tatizo ni msimamizi. Chad haikusimamishwa uanachama hata siku moja. Gabon ilisimamishwa, kisha ikarudishwa kundini mara tu baada ya jenerali wake kushinda kura.

Mtu atauliza, je, mwaka mmoja unatosha? Hii ndiyo hoja ambayo kijana wa fulana angenibana nayo, na ina uzito. Mpito wa mbio huacha kasoro, kama tulivyoona kwenye katiba ya Nigeria. Lakini tazama wengine waliokabidhi. Luteni Kanali Amadou Toumani Touré wa Mali alimwondoa Moussa Traoré Machi 1991, akaitisha kongamano la taifa, na Juni 1992 akamkabidhi nchi Alpha Oumar Konaré. Jenerali Swar al-Dahab wa Sudan alishika Aprili 1985 na kukabidhi mwaka uliofuata. Salou Djibo wa Niger alichukua Februari 2010 na kukabidhi Aprili 2011. Wote walitumia mwaka mmoja na kidogo, bila intaneti ya kasi na bila mashine za kupigia kura. Waliokwenda kwa miaka mitano hawakuwa na kazi kubwa kuliko hao. Mali ya Assimi Goïta iliahidi uchaguzi Februari 2022, na Julai 2025 akapewa miaka mitano inayoweza kuongezwa, bila kura. Burkina Faso ilipaswa kumaliza mpito Julai 2024. Mwezi Mei mwaka huo ikajiongezea miezi 60, na Kapteni Traoré akaruhusiwa kugombea mwishoni.

Wanaompenda Traoré hunijibu kwamba watu wake wanampenda. Inawezekana kabisa. Lakini kupendwa ni jambo moja na mpito ni jambo jingine. Kama anapendwa na anataka kubaki, aseme anataka kubaki.

Na kukabidhi vizuri si dawa ya milele. Sudan ilipinduliwa tena Juni 1989. Touré wa Mali alirudi mwaka 2002 kama raia, akachaguliwa, na Machi 2012 akapinduliwa na wanajeshi wadogo, wiki chache kabla ya muhula wake wa mwisho kuisha. Jerry Rawlings wa Ghana alimkabidhi Hilla Limann Septemba 1979, na siku ya mwisho ya 1981 akamnyang'anya.

Hapa kwetu tuna kumbukumbu ya saa chache tu. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kusoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya jua kutua jaribio lilikuwa limezimwa, mitaa ya mjini imeporwa na mamia ya watu wamekufa. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania, akarudishwa, na akanyongwa mwaka 1987. Tangazo halikutaja tarehe ya kurudisha nchi. Waliozaliwa baada ya hapo hawana picha ya wanajeshi ikulu, ndiyo sababu wengine huikopa kutoka TikTok.

Katiba yetu ya 2010 imelifunga jambo hili kwa sentensi fupi katika kifungu cha 3: jaribio lolote la kuunda serikali kinyume na Katiba ni haramu. Kuna waliochanganyikiwa magari ya jeshi yalipoonekana barabarani wakati wa maandamano ya vijana ya Juni 2024, wakadhani ndiyo mapinduzi yenyewe. Hayakuwa mapinduzi. Jeshi lilitumwa na serikali ya kiraia kusaidia polisi, jambo ambalo Katiba inaruhusu kwa idhini ya Bunge la Taifa. Unaweza kulipinga jambo hilo kwa nguvu zote, na wengi walilipinga hadi mahakamani, lakini ni swali tofauti.

Namalizia na yule mzee wa Minna. Agosti 2023, baada ya wanajeshi wa Niger kumpindua Rais Mohamed Bazoum mwishoni mwa Julai, Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ilitafuta mtu wa kwenda kuongea nao, ikamtuma Abdulsalami, akiwa na miaka 81. Safari ya kwanza Jenerali Abdourahamane Tiani hakumwona. Ya pili, tarehe 19 Agosti, walikutana Niamey. Usiku huo Tiani akatokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba mpito wa nchi yake hautazidi miaka mitatu. Machi 2025 akaapishwa kwa miaka mitano.